Tumbo Linanisokota

Shosho alisema tumbo linamsokota. Ndilo neno alilotumia, na mimi nikalisikia vile sote hulisikia, kama neno la kila siku. Tumbo humsokota mtu aliyekula githeri iliyolala. Humsokota mtoto asiyetaka shule Jumatatu asubuhi. Mimi lilinisokota siku ya karatasi ya hesabu, KCSE. Kwa hivyo usiku ule, saa mbili hivi, nilipompata ameketi ukingoni mwa kitanda ameinamia magoti, nilifanya kile ambacho hata wewe ungefanya. Nilimchanganyia dawa ya gesi.

"Kunywa, shosh, kisha ulale kidogo. Itashuka."

"Haishuki," akasema. "Iko huku juu." Akaweka ngumi pale mbavu zinapokutana.

Kila baada ya dakika chache alijikamua kutapika. Nilimwekea beseni mbele yake. Mwili mzima ulikuwa ukitikisika, mishipa ya shingo inasimama, na mwishowe kinatoka nini? Mate tu. Mimi nikaona hiyo ni dalili nzuri. Nikajiambia, kama angekuwa mgonjwa sana si angetapika kabisa? Tulikaa hivyo hadi saa saba usiku ndipo nikaita teksi. Saa tano. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku hiyo.

Hospitalini, jina lake nitaliacha, daktari kijana alijaribu kumpitishia mrija kupitia puani ushuke hadi tumboni. Mrija ukakwama. Akautoa, akaupaka mafuta, akajaribu tena. Ukakwama palepale. Akanigeukia akaniuliza swali ambalo sikuona maana yake: "Tangu jioni, ametapika kitu chochote? Chakula? Maji?"

Nikasema hapana. Uso wake ukabadilika.

Kwenye chumba cha eksirei, jamaa wa kupiga picha alimwambia mwenzake, "Msogeze vizuri kwa bucky." Neno hilo likanikaa kichwani, kwa sababu ya usingizi au kwa sababu lilisikika kama jina la mbwa wa mtu. Picha ilipotoka, daktari akanionyesha. Nyuma ya kivuli cha moyo kulikuwa na kiputo kikubwa cha hewa, na chini yake mstari ulionyooka kama maji kwenye glasi.

"Hii ni tumbo," akasema. "Iko kifuani. Na nafikiri imejisokota."

*

Wacha nieleze vile nilivyoelezwa mimi, nyuma ya bahasha ya eksirei, kwa kalamu iliyokuwa inakatakata.

Kati ya kifua na tumbo kuna msuli mpana uliotandazwa kama paa. Huo ni kiwambo, na ndio unaotufanya tupumue. Umio, yaani bomba la chakula kutoka kooni, lazima upite kwenye paa hilo ili ufike tumboni, kwa hivyo paa lina tundu. Mtu akizeeka, au akiwa na mwili uliobeba mengi, tundu hilo hulegea, na tumbo huanza kupanda kupitia hapo kuelekea kifuani. Hali hiyo ni ngiri. Wengi wetu tunaijua ngiri ya kinena, ile inayotaniwa kwenye vibanda vya chai. Hii ya kiwambo haionekani na haivimbi popote, kwa hivyo hakuna anayeitania.

Nyingi za ngiri hizi ni za kuteleza. Mahali umio unapoungana na tumbo hupanda kidogo na kushuka, mtu akapata kiungulia, akaishi nacho maisha yake yote. Chache ni za aina nyingine. Sehemu ya juu ya tumbo hupenya kando ya umio na kuingia kifuani, na miaka ikienda tumbo zima linaweza kufuata. Tumbo hushikiliwa mahali pake na kano, kama hema linavyoshikiliwa na kamba. Kano zikishalegea, tumbo lililoko kifuani halina kinacholizuia kugeuka. Mara nyingi hujizungusha kwa urefu wake, vile unavyokamua shuka. Likizidi nusu mzunguko, milango yote miwili inaweza kufungwa. Chakula hakiingii, matapishi hayatoki. Kisha mishipa ya damu nayo inanyongwa, na tumbo linaanza kufa ndani ya mtu ambaye bado anaongea na wewe.

Sasa nikakumbuka. Shosho alikuwa na kiungulia tangu nikiwa darasa la tano. Alikuwa akishiba haraka sana, vijiko vichache vya uji na anasukuma kikombe. Alihema akipanda ngazi za ploti yetu, na akiketi baada ya kula alisema kifua kimembana. Zahanati moja ilimwambia ni vidonda vya tumbo. Nyingine ikasema ni asidi. Ya tatu ikasema ni uzee. Kila mahali alipewa tembe, na kila tembe ilisaidia kidogo, ya kutosha kumfanya arudi nyumbani na kunyamaza.

Walimpeleka kupasuliwa kabla ya alfajiri. Nikabaki kwenye benchi na simu yenye asilimia 30 ya chaji, nikaanza kusoma. Sitadanganya, nilisoma kwa hasira. Nilitaka kujua ni nani alikuwa anajua kuhusu jambo hili, na alianza kujua lini.

*

Jibu la kwanza ni kwamba kwa muda mrefu lilijulikana kwa wafu pekee.

Ambroise Paré alikuwa kinyozi-mpasuaji wa Ufaransa katika karne ya 16, mtu aliyewatibu wanajeshi vitani na wafalme nyumbani kwao. Katika maandishi yake ya mwaka 1579 anaeleza kuhusu kapteni mmoja aliyepigwa risasi akanusurika, kisha akafa miezi minane baadaye. Alipochunguzwa, ikaonekana utumbo mpana ulikuwa umepanda hadi kifuani kupitia tundu kwenye kiwambo, tundu dogo ambalo hata ncha ya kidole cha mwisho ingepita kwa shida. Utumbo ukanyongwa hapo. Kapteni huyo alitembea na jibu kifuani kwa miezi minane, na hakuna aliyelisoma hadi alipolala mezani.

Hadithi ya aina hiyo inajirudia kwa karibu miaka 300. Mwaka 1853, huko Boston, daktari Henry Ingersoll Bowditch, ambaye pia alikuwa mpinzani mkali wa utumwa, alikusanya visa vya ngiri za kiwambo vilivyochapishwa kati ya 1610 na 1846. Ni kazi ya uvumilivu, na ni kazi ya huzuni pia, kwa sababu visa vya namna hiyo viligunduliwa hasa wakati wa kupasua maiti. Kisha mwaka 1866 Mwitaliano Antonio Berti akaandika kwa mara ya kwanza juu ya kile hasa kilichompata shosho, tumbo lililojizungusha. Mgonjwa alikuwa mwanamke, na maelezo yalitoka kwa mwili wake baada ya kufa. Kwenye kichwa cha ripoti yake Berti aliweka mambo mawili pamoja, msokoto wa ajabu na kifo cha haraka.

Nilipofika hapo saa kumi na moja asubuhi, niliifunga simu kidogo.

Aliyebadilisha mwelekeo alikuwa mpasuaji wa Uswidi, John Berg. Mwaka 1897 alichapisha habari za wagonjwa wawili wenye msokoto wa tumbo. Aliwapasua, akalirudisha tumbo vile linavyopaswa kukaa, wakapona. Fikiria ujasiri huo. Eksirei ilikuwa imegunduliwa juzi tu, mwishoni mwa 1895, na haikuwa na uwezo wa kumwonyesha mtu tumbo lake. Unampasua binadamu bila kujua utakuta nini, na unakuta kitu ambacho vitabu vyako vinakiunganisha na kifo.

Berg alithibitisha kwamba msokoto unaweza kufunguliwa mtu akiwa hai. Kilichobaki ni swali la usiku wa manane. Daktari wa zamu, mbele ya mtu anayesema tumbo linamuuma kama vile wengine 20 waliosema hivyo wiki hiyo, atajuaje kwamba huyu ndiye?

*

Aliyelijibu ni Moritz Borchardt wa Berlin, mwaka 1904. Alikuwa na miaka 36. Alisema tafuta mambo matatu kwa mpigo. La kwanza, maumivu makali sehemu ya juu ya tumbo. La pili, mgonjwa anajikamua kutapika kwa nguvu na hakitoki kitu. La tatu, mrija unakataa kuingia tumboni. Zaidi ya miaka 120 imepita na wanafunzi wa udaktari bado wanayakariri kwa jina lake, utatu wa Borchardt.

Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Maumivu ya juu, hiyo ilikuwa ngumi ya shosho pale mbavu zinapokutana. Kujikamua bila kutoa, hilo lilikuwa beseni langu tupu. Mrija, huyo alikuwa daktari kijana na mafuta yake. Zote tatu zilipita mbele yangu kwa mpangilio uleule.

Na kitu kilichonichoma ni hiki. Mbili kati ya hizo hazihitaji mashine. Hazihitaji digrii wala umeme. Nilikuwa nazo nyumbani, kwenye chumba chenye pazia la maua, kwa saa tano. Beseni tupu nililoliona kama habari njema ndilo lilikuwa habari mbaya yenyewe.

Nimefikiria sana kuhusu alichofanya Borchardt, kwa sababu ukitazama haraka unaweza kusema si kitu kikubwa. Hakuvumbua dawa. Hakugundua kiungo kipya. Alichofanya ni kukataa kuridhika na lalamiko moja. Mtu akisema "tumbo linanisokota," hiyo peke yake haikuambii kitu. Inaweza kuwa gesi, inaweza kuwa mapenzi, inaweza kuwa kifo. Lugha yetu imelipa neno hilo kazi nyingi mno. Borchardt anakufundisha kuuliza swali la pili na la tatu. Wapi hasa? Kuna kinachotoka? Kuna kinachoingia? Baada ya maswali hayo neno linarudia maana yake ya kwanza kabisa. Kusokota ni kusokota, vile kamba inavyosokotwa. Shosho alikuwa amenipa jina la ugonjwa wake saa mbili usiku. Mimi ndiye sikuuliza swali la pili.

*

Mwaka huohuo wa 1904, huko Munich, Hermann Rieder alikuwa akiwapa watu uji uliochanganywa na madini ya bismathi kisha akiwapiga eksirei. Madini hayo huzuia mionzi, kwa hivyo tumbo lililoyameza linaonekana. Baadaye madaktari walihamia bariamu, iliyo salama zaidi. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuona tumbo la mtu mwingine likiwa mahali pasipo pake, na mwenye tumbo bado anapumua na kulalamika kwamba uji hauna sukari. Kufikia 1926 Msweden Åke Åkerlund aliweza kuzigawa ngiri hizi katika makundi matatu kwa kuangalia picha. Kitu kilichochukua karne tatu kwenye meza za maiti kilipangwa upya ndani ya kizazi kimoja kwenye vyumba vyenye giza.

Lakini picha za mwanzo zilikuwa na ukungu. Mionzi ikipita mwilini hutawanyika, na ile iliyotawanyika huchafua picha, hasa kwa sehemu nene kama tumbo. Mwaka 1913 daktari mmoja wa Ujerumani alitengeneza kichujio cha vipande vyembamba vya madini ya risasi, kinachopitisha mionzi iliyonyooka na kuzuia iliyopotea njia. Baadaye Hollis Potter wa Chicago akakifanya kisogee wakati picha inapigwa, ili mistari yake isionekane. Hadi leo, ukienda eksirei popote, ile stendi au meza yenye kichujio hicho huitwa kwa jina la daktari yule wa kwanza. Aliitwa Gustav Bucky.

Kumbe ndiye. Si mbwa wa mtu.

*

Hapa ndipo historia hii inaacha kuwa ya hospitali pekee.

Borchardt alipanda cheo. Akawa mkuu wa upasuaji katika hospitali ya Moabit, Berlin. Mwaka 1922 aliitwa Moscow kumtoa Lenin risasi aliyokuwa akiishi nayo shingoni tangu apigwe mwaka 1918. Yaani alikuwa mpasuaji wa kiwango cha kuitwa na nchi nyingine kwa ajili ya kiongozi wake. Pia alikuwa Myahudi. Wanazi walishika serikali Januari 1933, na tarehe 7 Aprili mwaka huo ikatoka sheria ya kuwaondoa Wayahudi kwenye utumishi wa umma. Borchardt, mtu aliyewafundisha madaktari kutambua tumbo lililosokotwa, akafukuzwa kazi katika jiji alilozaliwa. Mwaka 1939, akiwa na zaidi ya miaka 70, alikimbilia Argentina. Alifia Buenos Aires mwaka 1948.

Bucky, Myahudi pia, aliondoka Berlin mwaka 1933 akaenda Marekani.

Na kulikuwa na wa tatu, Rudolf Nissen. Alikuwa kijana kuliko hao wawili, mpasuaji wa hospitali ya Charité hapohapo Berlin. Mwaka 1931 aliondoa pafu zima la msichana mmoja na msichana akaishi, jambo lililowashangaza wenzake. Miaka miwili baadaye naye akafunga virago. Alikwenda Istanbul, ambako Uturuki ilikuwa ikijenga chuo kikuu chake upya na kuwapokea wasomi waliofukuzwa Ujerumani. Huko, mwaka 1936, alimpasua mgonjwa aliyekuwa na kidonda mwishoni mwa umio. Ili kulinda mahali alipounganisha, aliukunja ukuta wa tumbo kuuzunguka umio, kama kola ya shati. Mgonjwa akaishi miaka mingi bila kiungulia. Nissen aliliweka jambo hilo kichwani akaendelea na safari. Mwaka 1939 akahamia Marekani, akaanza upya.

Watu watatu wa jiji moja, mmoja Buenos Aires, mmoja New York, mmoja Istanbul kisha New York. Sisi tunaoishi karibu na watu waliokimbia makwao tunajua vile hadithi hizi husimuliwa kwa kawaida. Husimuliwa kwa hesabu za mahema na magunia ya unga. Ni nadra mtu kuuliza ni ujuzi gani umevuka mpaka ukiwa kichwani mwa mtu aliyebeba sanduku moja.

Mwaka 1946, New York, wawili kati yao wakakutana tena, mmoja akiwa daktari na mwingine mgonjwa. Gustav Bucky, mzee wa miaka sitini na kitu, alikuwa na ngiri kubwa ya kiwambo. Tumbo lake lilikuwa limepanda na kunasa. Mtu aliyewapa madaktari macho ya kuona ndani ya mwili, tumbo lake mwenyewe lilikuwa limehama nyumbani. Njia iliyozoeleka ya kurekebisha hali hiyo ilikuwa kufungua kifua, na hilo ni jambo zito kwa mzee. Nissen akapitia tumboni. Akalivuta tumbo hadi chini ya kiwambo, kisha akalishona kwenye ukuta wa mbele wa tumbo ili lisipande tena. Ni hayo tu. Bucky aliishi miaka 17 zaidi, hadi 1963.

Kwa wanaopenda udaku wa historia, Bucky alikuwa rafiki wa Albert Einstein, na wawili hao walisajili pamoja hataza ya kamera. Nissen naye alimpasua Einstein mwaka 1948. Wakimbizi wale walikuwa wakijuana na kutibiana.

Nissen alirudi Ulaya mwaka 1952, lakini si Ujerumani. Alikaa Basel, Uswisi. Mwaka 1955 alichukua wazo lake la Istanbul, ile kola ya tumbo kuuzunguka umio, akalifanya tiba ya kiungulia sugu. Upasuaji huo unafanywa ulimwenguni kote hadi sasa, na unaitwa kwa jina lake.

*

Kuna sehemu moja ya historia hii ambayo lazima niiseme, la sivyo nitawatia watu hofu bure.

Mwaka 1967 wapasuaji David Skinner na Ronald Belsey walitoa ripoti iliyowatisha wengi. Walikuwa na wagonjwa 21 wenye ngiri ya aina ya shosho ambao hawakupasuliwa, kwa kuwa dalili zao zilikuwa ndogo. Kati yao, 6 walikufa kwa sababu ya matatizo ya ngiri hiyo. Kwa miaka mingi baadaye kanuni ikawa kwamba ukiipata, ipasue, hata kama mwenyewe hajalalamika. Kisha mwaka 2002 utafiti mwingine wa Marekani ukapiga hesabu upya, ukaona kwamba kwa mtu asiye na dalili, au mwenye dalili kidogo, uwezekano wa kupatwa na dharura ni kama asilimia 1 kwa mwaka. Kwa wengi wa aina hiyo, kungoja huku ukiangaliwa ni salama kuliko kisu. Kwa hivyo kama una kiungulia baada ya nyama choma, usianze kuandika wosia. Kiungulia ni cha watu wengi sana, na msokoto ni wa wachache sana.

Lakini kungoja huku ukiangaliwa kunahitaji mtu wa kuangalia. Shosho hakuwa akingoja, kwa sababu hakuna aliyemwambia ana nini cha kungojea. Hakuna zahanati hata moja kati ya zile tatu iliyompiga picha ya kifua. Sisemi walikuwa watu wabaya. Foleni ni ndefu, mzee anasema kiungulia, dawa ya kiungulia iko kabatini. Mimi mwenyewe, ninayempenda, nilifanya vilevile kwa usiku mmoja.

*

Mpasuaji alitoka saa mbili na nusu asubuhi, kofia ya kijani bado kichwani. Aliketi kando yangu kwenye benchi, jambo ambalo nilidhani ni ishara mbaya.

"Shosho wako ana bahati," akasema. Tumbo lilikuwa limebadilika rangi, lakini walipolinyoosha wakangoja dakika chache, wekundu ulirudi. Hawakulazimika kukata chochote. Walilivuta hadi chini, wakalibana lile tundu la kiwambo kwa nyuzi. "Halafu tukalishona kwa ukuta wa mbele, hapa," akagusa shati lake chini ya mbavu, "ndiyo lisipande tena."

Wakati huo sikuwa nimefika kwa Nissen na Bucky. Simu ilikuwa imezima. Niliisoma sehemu hiyo wiki mbili baadaye, kwenye matatu ya kwenda kumwona, na nikamkumbuka mpasuaji akigusa shati lake. Ni ushonaji ambao mkimbizi mmoja alimfanyia mkimbizi mwenzake New York, mwaka mmoja baada ya vita, sasa uko ndani ya mwanamke aliyelima kahawa ya watu wengine nusu ya maisha yake na ambaye hajawahi kulisikia jina la mmoja wao. Nilitaka kumwambia jirani yangu kitini. Alikuwa amelala na mdomo wazi, nikamwacha.

Shosho bado anaishi nasi. Anakula kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, na ameacha kuhema kwenye ngazi. Nilimweleza kuhusu Borchardt, na Lenin, na uji wa Munich. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama huyo mzee wa Argentina alikuwa na watoto wa kumzika. Nikasema nitaangalia.

Kuhusu zile saa tano hatujawahi kuongea moja kwa moja. Lakini kuna kitu kimebadilika nyumbani. Juzi nilikuwa nikiosha vyombo nikamsikia kutoka sebuleni.

"Tumbo linanisokota."

Niliacha maji yakitiririka. Nikaenda nikapiga magoti mbele yake. "Wapi, shosh? Nionyeshe kwa mkono. Umejaribu kutapika? Kuna kitu kimetoka?"

Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaweka kiganja chini kabisa, karibu na kitovu.

"Ni njaa," akasema. "Hiyo chakula inaiva saa ngapi?"